Shamba, Mipaka na Miti Iliyomo: Namna ya Kununua Kipande cha Msitu kwa Bei ya Haki

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya maendeleo na wa jumuiya ndogo ndogo, katika ukumbi wa parokia)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo vikundi vitatu vimekuja kutuuliza ofisini: wanataka kununua kipande kidogo cha ardhi chenye miti, na hawajui bei ya haki ni ipi. Mmoja ameambiwa laki sita, mwingine laki nne, na wote wawili wanaangalia msitu unaofanana. Sasa nani anadanganywa? Tutajaribu kujibu. Lakini tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwa sababu swali la bei lina pande mbili, na upande wa pili hausemwi mara nyingi.

Tuanze na Maandiko. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, Abrahamu anafiwa na mkewe Sara, naye hana ardhi ya kumzika. Anamwendea Efroni Mhiti kununua pango la Makpela. Angalieni jinsi mzee huyu alivyonunua. Kwanza, alizungumza mbele ya watu wote langoni mwa mji, si gizani. Pili, bei ilitajwa wazi, shekeli 400 za fedha, na fedha ikapimwa watu wakiona. Tatu, na hili ndilo tunalotaka mlishike, mapatano yalitaja shamba, pango lililomo, na miti yote iliyokuwa ndani ya mipaka. Miti ilitajwa! Siku ya kwanza tuliposoma mstari huo kwa makini tuliona haya, na mtasikia sasa hivi ni kwa nini.

Kosa letu wenyewe

Mwaka 2009 kikundi kimoja tulichokuwa tukikisaidia kilitaka kununua robo ekari yenye mikaratusi, ile tunayoiita bulugamu. Sisi wa ofisi ndio tuliowaandikia mapatano. Tuliandika jina la mwuzaji, namba ya shamba, bei, na malipo ya kwanza ya shilingi 60,000. Kila mtu akatia sahihi, tukapiga makofi, tukanywa chai.

Wiki tatu baadaye tulisikia msumeno wa mashine. Mwuzaji alikuwa ameita wakataji, na miti mikubwa yote ilikuwa imelala chini. Tulipomwuliza alijibu bila wasiwasi, "Mimi niliuza udongo. Mnionyeshe mahali palipoandikwa miti." Hakukuwa na mahali. Wazee walikaa, chifu akaita mkutano, na baada ya mwaka mzima mtu yule alirudisha nusu tu ya thamani ya miti. Akina mama wale hawakutulaumu kwa maneno, lakini tuliona nyuso zao. Hasara ilikuwa yao, na kosa lilikuwa letu.

Kwa hiyo hatusemi leo kama wataalamu. Tunasema kama watu waliokwisha kuumwa na nyoka.

Kwanza: je, anayeuza ana haki ya kuuza?

Msianze na bei. Mkianza na bei mioyo yenu itashikwa na msitu kabla ya kujua ni wa nani. Fanyeni haya kwanza.

1. Nendeni kwenye ofisi ya usajili wa ardhi mkaombe uchunguzi rasmi wa hati, ule watu wanaouita "sachi". Karatasi hiyo itawaonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna deni la benki au zuio juu yake. Msikubali nakala anayowaletea broka. Ombeni yenu.

2. Ikiwa jina lililo kwenye hati ni la marehemu, simameni hapo. Huku kwetu mashamba mengi bado yako kwa jina la baba au babu aliyekwisha kufa. Mtoto anasema, "Hii ni sehemu yangu, baba alinionyesha." Inaweza kuwa kweli kabisa, lakini kisheria ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha. Mwambieni amalize kesi ya urithi kwanza.

3. Mke au mume wa mwuzaji yuko wapi? Sheria za mwaka 2012 na 2013 zinataka idhini ya mwenzi wa ndoa kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Tena msitosheke na sahihi. Zungumzeni na mama mwenyewe, nyumbani kwake, akiwa ameketi.

4. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Maombi yapelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali mapatano huwa batili, na mtabaki kudai pesa zenu kama deni la kawaida.

5. Mapatano yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili mbele ya mashahidi. Wakili ni gharama, ndiyo, lakini ni gharama ndogo kuliko kesi.

Na ninyi wenyewe mkubaliane katika mkutano mkuu ni majina gani yatakayoandikwa kwenye hati ya shamba, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kikundi kikiweka jina la mwenyekiti peke yake, siku akifariki watoto wake watasema shamba ni la baba yao.

Pili: tembeeni mpaka kwa miguu

Mchukueni mpimaji awaonyeshe bikoni. Halafu zungukeni mpaka wote, pamoja na majirani. Katika msitu hili ni muhimu kuliko katika shamba la mahindi, kwa maana miti mikubwa mara nyingi ndiyo iliyopandwa mpakani. Mwuzaji ataihesabu yote kuwa yake, na jirani naye anaihesabu kuwa yake. Mti wa mpakani ambao jirani anaudai, msiulipie.

Angalieni pia mto na chemchemi. Ukanda wa kando ya mto unalindwa na sheria, na hamwezi kuingia pale na shoka mkatake mtakavyo. Tena wataalamu wa misitu hawashauri mikaratusi kupandwa karibu na maji kwa sababu hunywa maji mengi. Kwa hiyo miti iliyo kando ya chemchemi isiingie katika hesabu yenu ya mapato.

Na njia je? Msitu usiofikiwa na trekta ni msitu wa kubeba kichwani. Ikiwa gogo litapita katika shamba la mtu mwingine, mwulizeni huyo mtu kabla ya kununua, si baada.

Tatu: pangeni bei katika mafungu mawili

Hapa ndipo penye siri yote. Mwuzaji atataja bei moja, "laki sita, shamba na miti yake." Ninyi igawanyeni. Fungu la kwanza ni ardhi kama ingekuwa tupu. Fungu la pili ni miti iliyosimama.

Tutawapa mfano wa kweli wa mwaka 2016. Bei hizi ni za wakati ule, msizichukue kuwa za leo. Chukueni njia ya hesabu tu.

Kikundi cha akina mama 22 walikuwa wameweka shilingi 300 kila mmoja kwa mwezi, kwa miaka 5. Hesabuni wenyewe: ni shilingi 396,000. Walitaka msitu kwa ajili ya kuni na nguzo, na ili wawe na kitu chao wenyewe. Broka akawapeleka kwa mzee mmoja mwenye nusu ekari. Akasema ina miti 600, bei ni shilingi 600,000.

Fungu la ardhi. Tuliuliza katika kijiji kile ni nani aliyenunua karibuni, na kwa kiasi gani. Tusiulize bei wanazotaka wauzaji, kwa maana kutaka hakuna ushuru. Tuulize bei zilizolipwa. Tulipata nusu ekari nne. Moja ililipiwa 450,000, lakini hiyo ilikuwa kando ya barabara ya lami, tukaiweka pembeni. Nyingine tatu, zilizo ndani kama hii, zililipiwa 300,000, 320,000 na 350,000. Tukachukua ya katikati, 320,000.

Fungu la miti. Kabla ya kuhesabu, pigeni hesabu ndogo ya kichwani. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Ukigawanya kwa miti 600, kila mti unabaki na mita 3 za mraba na kidogo, yaani nafasi ya kitanda cha watu wawili. Miti inayobanana hivyo haiwezi kunenepa. Kwa hiyo ama hesabu ya broka ni ya uongo, ama miti ni myembamba. Lazima liwe moja kati ya hayo.

Tukaingia. Mama mmoja alibeba chokaa, akawa anatia alama kila mti uliohesabiwa ili usihesabiwe mara mbili. Mwingine alibeba utepe wa fundi cherehani, akapima mzunguko wa shina kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini. Kijana mmoja aliandika. Saa mbili na nusu tu, kazi ikaisha. Miti ilikuwa 300, si 600. Broka alikuwa amehesabu chipukizi na vijiti.

Tukaigawa katika makundi matatu. Mikubwa ya kupasua mbao ilikuwa 60. Ya kadiri, ya nguzo, ilikuwa 140. Midogo, ya kuni na fito, ilikuwa 100. Kisha tukawauliza wafanya biashara watatu wa mbao, kila mmoja kwa wakati wake, wangelipa kiasi gani kwa mti uliosimama, wao wakiukata na kuuchukua. Angalieni neno hilo, uliosimama. Bei ya nguzo iliyokwisha kufika sokoni ina ndani yake mshahara wa mkataji, petroli ya msumeno na kodi ya trekta. Mkimlipa mwenye msitu bei ya sokoni, mmelipia gharama hizo mara mbili.

Bei ya kawaida tuliyopata ni hii: mkubwa 1,000, wa kadiri 300, mdogo 50. Katika mikubwa 60, tuliondoa 20 iliyokuwa mpakani na kando ya kijito. Basi:

Mikubwa 40 kwa 1,000 ni 40,000.
Ya kadiri 140 kwa 300 ni 42,000.
Midogo 100 kwa 50 ni 5,000.
Jumla ya miti, 87,000.

Ongeza ardhi 320,000, unapata 407,000. Hiyo ndiyo bei ya haki ya shamba lile siku ile. Si 600,000. Na juu yake mnunuzi analipa ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2, tena wakili, mpimaji na ada za ofisi. Msisahau hizo, la sivyo mtanunua shamba na kukosa pesa za kupata hati.

Kwa wale wanaotaka kupima mbao zaidi, kuna njia ya wazee wa kazi. Pima mzunguko wa gogo katikati yake, gawa kwa 4, zidisha jibu kwa lenyewe, halafu zidisha kwa urefu. Gogo lenye mzunguko wa sentimita 80 na urefu wa mita 10: robo ya mzunguko ni mita 0.2, mara 0.2 ni 0.04, mara 10 ni mita za ujazo 0.4. Gogo lenyewe lina zaidi ya hapo, lakini njia hii huacha nafasi ya maganda na vipande vya kutupwa. Kwa mti uliosimama muwe na tahadhari, maana kifuani shina ni nene kuliko katikati.

Jambo jingine. Mtu akiwaambia "miti peke yake italipa shamba", mwulizeni lini. Mti mdogo wa leo ni pesa za miaka mingi ijayo, na pengine kabla ya hapo moto au mwizi atapita. Msilipe leo pesa za kesho.

Nne: bei ya haki si bei ya chini

Sasa tumefika upande wa pili. Baada ya hesabu yetu broka alituita pembeni. Akasema, "Msijisumbue na 407,000. Kijana wa mzee alianguka na pikipiki, yuko hospitali, na bado wanadaiwa 80,000 ili atoke. Kaeni kimya wiki mbili. Mzee atashuka mpaka 250,000."

Ndugu zetu, tuseme ukweli. Kulikuwa na walioona hilo ni jambo jema. Miaka 5 ya kujinyima! Hata sisi wa ofisi, tuliokwisha kuwatia hasara wengine mwaka 2009, tulishawishika kidogo, maana tulitaka safari hii akina mama wapate faida.

Tukaenda nyumbani kwa mzee, kama tulivyowaambia mfanye. Mkewe alikaa kimya muda wote tulipozungumza na mumewe. Mwisho mama mmoja wa kikundi akamgeukia, "Na wewe, shemeji, unasemaje?" Yule mama akajibu kwa sauti ndogo, "Mkinunua hapa, sisi tutapikia nini?"

Hakuna aliyejibu. Kuni zake zote zilitoka katika msitu ule. Tena ardhi waliyobaki nayo ilikuwa ya nyumba na mboga tu.

Ndipo mweka hazina wa kikundi, mama ambaye hakumaliza hata darasa la saba, akachukua daftari na kusema, "Lakini mzee haitaji laki nne. Anahitaji elfu themanini. Na miti mikubwa na ya kadiri ni elfu themanini na mbili." Tukatazamana. Sisi tuliosomea kazi hii hatukuwa tumeliona.

Basi kikundi hakikununua shamba. Kilinunua miti iliyosimama, mikubwa 40 na ya kadiri 140, kwa shilingi 82,000 taslimu, kwa mapatano ya maandishi. Miti midogo 100 iliachwa iwe kuni za mama. Tuliandika kwamba miti itakatwa katika muda wa miezi 6, baada ya kupata ruhusa zinazotakiwa. Kwamba mashina yakatwe kwa msumeno, chini na safi, yasichomwe moto, ili yachipue tena. Na kwamba miti ya mpakani na ya kijitoni isiguswe. Kijana akatoka hospitali wiki hiyo hiyo.

Akina mama walipasua na kuuza. Baada ya kulipa wakataji na trekta walibaki na 113,000, yaani faida ya 31,000. Mfuko wao ukafika 427,000. Mwaka 2018 walinunua robo ekari mahali pengine, kwa mwuzaji ambaye hakuwa amebanwa na shida, na hati wanayo.

Je, wote walifurahi? Hapana. Robo si nusu, na bei ya ardhi ilikuwa imepanda. Wako ambao mpaka leo wanasema tuliwakosesha shamba la bei rahisi. Hatuwezi kuwaambia kwamba wanasema uongo. Tunachoweza kusema ni kwamba mzee na mkewe bado ni majirani zao, wanakutana kisimani na kanisani, na hakuna anayemkwepa mwingine njiani. Mashina yale yalichipua, yakapunguzwa, na ni msitu tena. Ni wa mzee.

Mwenye shida akiuza, mnunuzi ana nguvu mkononi. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Huku kwetu mnaweza kuvisikia vyote viwili katika nusu ekari moja.

Ya kushika

Kabla hatujaachana, turudie kwa ufupi ili mpeleke katika jumuiya zenu:

Hakikisheni mwenye ardhi, mwenzi wake wa ndoa, na kibali cha bodi.
Tembeeni mpaka pamoja na majirani.
Gawanyeni bei: ardhi peke yake, miti peke yake.
Ulizeni bei zilizolipwa, si zinazotakwa.
Hesabuni miti wenyewe, kwa chokaa na utepe.
Andikeni miti katika mapatano, kwa idadi, na kwamba haitakatwa kabla ya uhamisho kukamilika.
Amueni kiwango chenu cha mwisho kabla ya kumwona mwuzaji, na mkiandike.
Na mwulizeni mwuzaji anauza kwa nini. Pengine mnachoweza kununua ni kidogo kuliko mlichotaka, na kitawafaa nyote wawili.

Utepe wa cherehani hauna bei kubwa, na chokaa iko dukani. Vikundi vile vitatu tutakwenda navyo msituni Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Anayetaka kujifunza aje, avae viatu vya matope.